KIANGAZI HAKIUI NG'OMBE, UZEMBE NDIO UUAO

Na Karani wa Mgodi, Kolwezi



Mimi ni karani wa mgodi hapa Kolwezi. Kazi yangu ni kuandika hesabu: saa za watu, saa za mashine, mafuta yaliyoingia na mawe yaliyotoka. Sikuzaliwa mchungaji. Lakini leo naandika juu ya ng'ombe, kwa sababu nimechoka kusikia uongo mmoja usemwao kila mwaka mwezi wa kumi ukifika, na watu wazima huuitikia kama wanavyoitikia sala.

Uongo huo ni huu: "Jua limeua ng'ombe."

Nitawaeleza yaliyotupata. Tulikuwa watu sita wa kambi moja. Kwa miaka minne tulikata mishahara yetu kidogo kidogo tukaweka pamoja, kwa ajili ya ile siku ambayo mgodi utatuambia kwamba hatuhitajiwi tena. Tukanunua ng'ombe 22. Tukawaweka katika ferma ya bwana mmoja mwenye ardhi kubwa, naye akapokea malipo ya kila mwezi kwa kila kichwa. Mwezi wa tano ng'ombe walikuwa wamenona, manyoya yanang'aa. Mwezi wa kumi, siku ya Jumapili, tulikwenda kuwatazama. Tulikuta 9 wamekwisha kufa na 4 hawawezi kusimama.

Bwana wa ferma alikuwa amekaa barazani. Akatuambia: "Ndugu zangu, ni mapenzi ya Mungu. Mwaka huu jua ni kali." Kisha akatukumbusha malipo ya mwezi.

Mzee mmoja kati yetu, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alilia mbele yetu. Msidhani alililia ng'ombe. Alililia ada ya shule ya wajukuu wake, ambayo ilikuwa imelala pale chini na mainzi machoni.

Mimi sikulia. Nilitoa daftari langu nikazunguka ile ferma, kwa maana wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Niliandika mambo manne. La kwanza, birika la kunyweshea lilikuwa kavu, kwa sababu mafuta ya pampu yalikwisha na hakuna aliyenunua mengine. La pili, hapakuwa na fungu hata moja la majani makavu yaliyowekwa akiba. La tatu, malisho yote ya ng'ambo ya kijito yaliungua mwezi wa nane, moto uliowashwa na wawinda panya, wala hapakuwa na njia ya kuuzuia. La nne, zizini hapakuwa na mti hata mmoja. Visiki nilivihesabu: 31. Miti yenyewe iligeuzwa makala ikauzwa mjini, na aliyeiuza ni yule yule aliyekaa barazani akimsingizia Mungu.

Sasa nauliza: katika mambo hayo manne, ni lipi lililofanywa na jua?

TUSEME KWELI JUU YA MVUA

Watu hupenda kusema kwamba ukame ndio unaotumaliza. Ndugu, tupime maneno yetu. Nchi yetu hii ya Lualaba hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Nchi ya Botswana, ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa la Kalahari, mahali pengi haipati hata nusu ya mvua hiyo. Hata hivyo Botswana hufuga ng'ombe, huwachinja kule Lobatse, na kwa miaka mingi imeuza nyama yake mpaka Ulaya. Namibia nayo ni nchi ya mchanga. Lakini yule samaki wa barafu tumwitaye Thomson, ambaye mama zetu humnunua sokoni kwa sababu nyama ya ng'ombe imewashinda, hutoka katika bahari ya Namibia.

Nchi za jangwa zatulisha sisi wenye Lualaba! Je, hilo si jambo la kuona haya?

Shida yetu si uchache wa mvua. Shida yetu ni kwamba mvua yetu huja yote pamoja na huondoka yote pamoja. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, matope. Kuanzia wa tano, tone hakuna. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mawingu hayajarudi, ndiyo miezi ya joto kali kuliko yote. Hicho ni kiangazi, ndicho tukiitacho kipwa, nacho kinafika kila mwaka kwa tarehe yake kama siku ya mshahara. Kiangazi ni adui anayetangaza siku ya kuja kwake miezi sita mbele. Mtu anayepigwa na adui wa namna hiyo kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, asiseme ameshambuliwa gizani. Aseme alikuwa amelala.

Sikatai kwamba kuna ukame wa kweli. Katika msimu wa 2023 na 2024 mvua ilikatika kusini mwetu. Tarehe 29 mwezi wa pili 2024 serikali ya Zambia ilitangaza msiba wa taifa. Katika hekta milioni 2.2 za mahindi zilizopandwa, karibu milioni 1 ziliharibika. Sisi tulionunua unga mwaka ule tulijua habari hiyo bila kusoma gazeti, kwa sababu sehemu kubwa ya bukari yetu hupitia mpaka wa Kasumbalesa. Na huko Kenya, kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Wale ni watu waliozaliwa na ng'ombe, wanaojua kila mnyama kwa jina lake.

Wataalamu wa hali ya hewa wanasema joto linazidi, na kwamba kusini mwa Afrika mvua za kwanza zitazidi kuchelewa. Basi sikilizeni: ikiwa kiangazi cha kawaida, kile cha kalenda, kinatuua ng'ombe 9 katika 22, siku ukame wa kweli ukivuka mpaka tutabaki na nini? Ngozi?

JOTO HUUA KWA NJIA GANI

Ng'ombe hucheua. Lile tumbo lake kubwa ni kama tanuru: majani yanavunjwa humo usiku na mchana, na kazi hiyo hutoa joto. Kwa hiyo ng'ombe ana jua mgongoni na moto tumboni. Joto likimzidi, huhema mdomo wazi, mate yakimtoka, huacha kula, maziwa hupungua, na jike hukosa mimba. Akikosa maji katika hali hiyo, hupoteza nguvu upesi. Na akiwa amedhoofika hivyo, ile mvua ya kwanza tunayoishangilia ndiyo humwua, kwa maana humpiga baridi usiku, na kupe nao huamka.

Dawa ya joto si ghali. Kivuli. Mti mmoja mkubwa wa porini ni bora kuliko bati, kwa sababu bati la chini hugeuka kikaango. Mahali pasipo mti, jengeni banda la nguzo na nyasi, refu kupita mtu aliyeinua mkono, wazi pande zote ili upepo upite. Wachungaji watoe ng'ombe alfajiri, wawapumzishe saa za jua kali, wawatoe tena jioni. Kuchanja, kuogesha na kuwapakia katika lori kufanywe asubuhi na mapema. Anayewaswaga ng'ombe saa saba za mchana, mwezi wa kumi, anawachinja bila kisu.

Tena tuache majivuno ya ng'ombe wa Ulaya. Nimewaona mabwana wakinunua majike ya madoa meusi na meupe kwa sababu wameona picha ya ndoo iliyojaa maziwa. Mnyama yule alitengenezwa kwa nchi ya baridi. Joto likifika nyuzi 25 hivi, yeye huanza kuteseka. Ng'ombe wetu wa nundu, mwenye manyoya mafupi na ngozi ya kutoa jasho, hutoa maziwa machache, lakini mwezi wa kumi na moja atakuwa hai. Maziwa ya ng'ombe aliyekufa ni lita ngapi?

HESABU YA KARANI

Sasa nitafanya kazi yangu. Tuchukue ng'ombe 20.

Maji: wakati wa joto ng'ombe mmoja apate lita 50 kwa siku. Ng'ombe 20 ni lita 1,000, yaani mapipa 5. Siku 150 za kiangazi ni mapipa 750. Yeyote anayepokea ng'ombe wa watu, aulizwe kwanza: mapipa 750 yatatoka wapi? Akijibu "kijitoni," aulizwe: kijito hicho mwezi wa kumi mwaka jana kilikuwaje?

Majani: ng'ombe wa kilo 300 hula kama kilo 7 za majani makavu kwa siku. Malisho ya kiangazi yatampa nusu. Nusu ya pili ni sisi tumpe. Kilo 3 na nusu, kwa ng'ombe 20, kwa siku 90 za mwisho, ni kilo 6,300. Tukifunga mafungu ya kilo 15, ni mafungu 420. Sisi tulikuwa watu sita. Jumapili kumi baada ya misa, kuanzia mwisho wa mwezi wa pili, kila mtu mafungu 7 kwa Jumapili, hesabu imekwisha. Jumapili kumi! Ndizo zilizotutenga sisi na ng'ombe wetu 9. Na Jumapili hizo tulikuwa wapi, ndugu? Mnajua tulikuwa wapi. Bia ilikuwa baridi.

Majani yakatwe yakiwa bado mabichi, kabla hayajatoa mbegu na kuwa kuni. Yakaushwe, yafungwe, yawekwe juu ya vichanja chini ya paa. Majani ya mwezi wa nane yaliyosimama porini hujaza tumbo lakini hayana nguvu. Kwa hiyo ongezeni pumba za mahindi kutoka mashine zetu za kusaga, mashudu ya karanga, na chumvi. Wengine huchanganya urea. Inafaa kwa anayejua kipimo, na ni sumu kwa asiyejua. Tuliosoma shule ya misioni twaikumbuka habari ya Yusufu kule Misri. Hakuomba mvua. Alijenga ghala wakati wa shibe.

Moto: mwaka 1933 wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, karibu na Ndola, walianza kujaribu viwanja vya msitu. Kimoja kilichomwa mapema, kiangazi kinapoanza, na kingine kilichomwa mwishoni majani yakiwa makavu kabisa. Baada ya miaka mingi jibu lilionekana wazi: moto wa mapema msitu huuvumilia, moto wa mwishoni huua miti na kuacha nchi tupu. Basi mwezi wa tano na wa sita ndio wa kuchoma ukanda wa kuzunguka ferma, watu wakiwa wamesimama na matawi mkononi. Anayewasha moto mwezi wa nane kwa ajili ya panya watatu anakula ng'ombe wa jirani yake.

Na hesabu ya mwisho, chungu kuliko zote: uzeni mapema. Mwezi wa saba ng'ombe bado ana nyama na bei. Mkiona majani hayatoshi 20, uzeni 6 wazee na dhaifu, fedha inunue pumba za 14. Mfugaji hupenda idadi, lakini kiangazi hakiogopi idadi. Ng'ombe 14 walio hai ni wengi kuliko 20 walio katika hadithi.

"SISI SI WATU WA NG'OMBE"

Kuna wanaojibu: "Karani, Kolwezi ni mji wa shaba. Ng'ombe si kazi yetu." Hao wamesahau. Kampuni ya Elakat iliundwa mwaka 1925 ili kulisha nyama watu wa migodi ya Katanga. Katika nyanda za juu za Biano, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ng'ombe walifugwa kwa maelfu wakati wa ukoloni, na mpaka leo wako ng'ombe kule. Simsifu mkoloni. Yeye alihesabu nyama kama alivyohesabu mafuta ya mashine: mkono usio na nyama hauchimbi. Lakini nauliza, ni nani aliyekata majani yale? Ni nani aliyechoma kanda za moto, aliyejaza mabirika, aliyeamka saa tisa za usiku jike likizaa? Walikuwa baba zetu. Ujuzi ule ulikuwa mikononi mwao. Sisi wana wao tumebaki kujua jina la kila mashine na kusahau jina la kila jani.

Uhuru wa bendera tuliupata mwaka 1960. Mtu anayengoja lori la mpakani ili ale, tumbo lake bado halijapata uhuru.

MAJI YATUPWAYO

Sasa niwageukie wakubwa, wasije wakadhani nawasema wadogo tu.

Katika kazi ya migodi ya wazi, maji ya chini ya ardhi hujaa shimoni, nayo lazima yasukumwe nje usiku na mchana. Mimi naandika saa za pampu, najua. Ng'ambo ya barabara, katika miezi ile ile, ng'ombe walamba matope. Twajua pia kwamba si kila maji ya mgodi yafaa kunywewa. Mito ya Musonoi na Luilu imeandikwa katika taarifa nyingi kuwa imebebeshwa uchafu wa viwanda. Na tarehe 18 mwezi wa pili 2025, upande wa Zambia, bwawa la takataka za mgodi lilivunjika, maji ya asidi yakaingia mpaka mto Kafue na kuua samaki. Kwa hiyo hatusemi "tupeni maji yoyote." Twasema: yapimwe, matokeo yabandikwe mahali pa watu wote kwa lugha wanayoisoma, na yaliyo safi yapelekwe kwa bomba mpaka mabirika ya vijiji. Yaliyo machafu yazuiwe, na wafugaji waambiwe mapema.

Fedha iko wapi? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inayo jibu. Inataka kila kampuni ichimbayo itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Tena katika ushuru wa madini, asilimia 15 ni haki ya komini, sekta au sheferi ambayo mgodi umo ndani yake. Si sadaka hiyo. Ni sheria. Basi mikutano ya kupanga fedha hizo ikiitwa, twende, na tusiombe fulana na mipira tu. Tuombe visima, mabirika, mganga wa mifugo mwenye pikipiki, na ghala la majani. Na kama mikutano haiitwi, tuulize kwa barua, kwa majina yetu, kwa nini haiitwi.

KOSA LETU

Nimemsema bwana wa ferma, na nimewasema wakubwa. Imebaki kutusema sisi wenyewe.

Sisi watu sita tulikuwa na risiti za fedha tulizolipa, lakini hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha bwana yule aliahidi kufanya nini. Mimi karani, ninayekataa kupokea hata boksi la misumari bila sahihi, niliwaacha ng'ombe 22 kwa kupeana mkono. Tulikwenda kuwatazama mwezi wa tano wakiwa wamenona, tukapiga picha, tukarudi. Mwezi wa saba hatukwenda. Wa nane hatukwenda. Bwana yule alikuwa mzembe, lakini uzembe wake ulistarehe juu ya uzembe wetu kama kupe juu ya sikio.

Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi uliyeweka mshahara wako katika kwato, fanya haya. Andikianeni mkataba: maji kiasi gani, majani mafungu mangapi, kivuli wapi, na ng'ombe akifa kwa kiu nani atalipa. Chagueni mmoja wenu awe mtu wa zamu, aende kila mwezi, kuanzia wa tano mpaka mvua irudi. Ng'ombe akifa, aonyeshwe, sababu iandikwe. Msikubali neno "jua" liandikwe katika nafasi ya sababu. Na mama zetu, ambao mara nyingi ndio wenye kuweka akiba ya nyumba, waketi katika mikutano hiyo; wao hawadanganywi upesi juu ya hesabu ya chakula.

Ng'ombe wetu waliobaki sasa ni 11, kwa maana katika wale wanne walioanguka, wawili hawakuinuka tena. Tumewahamisha kwa mzee mmoja wa kijiji asiye na baraza la saruji. Ana miti, ana kijito kisichokauka, na ana panga. Majani ya kwanza tumekwisha kuyakata pamoja naye. Mikono yetu ya ofisini ilitoka malengelenge, na mzee alitucheka sana. Mwenzetu yule aliyelia alifunga mafungu 9 siku ya kwanza, akatushinda vijana wote.

Mwezi wa kumi utakuja. Haujawahi kukosa. Jua litapanda saa kumi na mbili kama kawaida yake, bila chuki na mtu. Litakuta birika lina maji au halina, ghala lina majani au halina. Hilo halitaamuliwa na jua.

Tuamke, ndugu. Majani yangali mabichi.